Maswali ya Wasomaji: Betri ya Foklifti, Maji Yake na Saa Zake

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kuikagua foklifti ya umeme, ile mashine ya kuinulia mizigo ghalani, kabla ya zamu kuanza, na barua zilizotufikia tangu hapo karibu zote zimehusu kitu kimoja, yaani betri. Tumechagua tano. Kwa kuwa walioandika wote wanatumia betri za risasi zenye tindikali, ambazo ndizo zilizoenea zaidi katika maghala yetu, majibu yanahusu hizo, isipokuwa pale tulipotaja aina nyingine.

Ndugu Mhariri, ninasimamia ghala la nafaka Vingunguti, Dar es Salaam, lenye foklifti tatu za volti 48. Zilipokuwa mpya, betri ilimaliza zamu nzima bila shida. Leo, baada ya miaka miwili, betri ya foklifti moja huishiwa nguvu saa saba mchana, na nyingine mbili zinaifuata. Vijana wangu si wazembe. Kila jioni, kabla ya kuchomeka chaja, huongeza maji ya betri hadi yafike mdomoni mwa seli, na foklifti ikipumzika mchana huichaji kidogo ili isilale njaa. Kosa liko wapi? — Msimamizi wa ghala, Vingunguti

Ndugu msimamizi, nadhani kosa umelitaja wewe mwenyewe, nalo limo ndani ya mambo yale yale unayowasifia vijana wako.

Tuanze na maji ya jioni. Betri inapochajiwa, kimiminika kilichomo hupata joto na kutanuka. Kisha, kuelekea mwisho wa chaji, seli, yaani kila kimoja cha vyumba vidogo vinavyounda betri, inapofikia takriban volti 2.4, umeme huanza kuyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na viputo vya gesi hizo hukisukuma kimiminika juu zaidi. Seli iliyojazwa hadi mdomoni haina nafasi ya kuyapokea hayo yote, kwa hiyo hufurika. Kinachofurika si maji matupu, bali ni maji yaliyochanganyika na asidi ya salfuriki. Kesho yake vijana wanaona kina kimeshuka, wanajaza maji, na usiku betri inafurika tena. Maji yanarudishwa kila siku lakini tindikali iliyomwagika hairudi, na baada ya miezi kadhaa ya mtindo huo mnabaki na betri iliyojaa hadi juu huku ndani yake mna tindikali hafifu isiyoweza kubeba zamu moja.

Utaratibu sahihi ni kinyume cha huo wenu. Kabla ya kuchaji, funueni vifuniko mtazame jambo moja tu, kama mabamba ya risasi yamefunikwa na kimiminika. Yakiwa yamefunikwa, msiongeze chochote. Yakiwa yako wazi, ongezeni maji kidogo sana, kiasi cha kuyafunika tu, kwa sababu bamba lililo wazi hukauka na kuharibika moja kwa moja. Chaji ikimalizika na betri ikiwa imepoa, hapo ndipo mnapojaza hadi alama aliyoiweka mtengenezaji, ambayo daima huwa chini ya mdomo wa seli. Kwa joto la Dar es Salaam, ukaguzi wa maji mara moja kwa wiki unatosha kwa betri nyingi. Betri inayokunywa maji kila siku ama inachajiwa kupita kiasi au inafurika.

Jina lenyewe la “maji ya betri” nalo lina hatari yake. Madukani kwetu chupa mbili zinazofanana huweza kukaa rafu moja, moja ikiwa na maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena ili yawe safi, na nyingine ikiwa na tindikali iliyokwisha kuchanganywa, na nimewasikia wauzaji wakiziita zote mbili maji ya betri. Soma maandishi ya chupa kila mara. Betri iliyo kazini huongezewa maji yaliyokenekwa peke yake. Kuongeza tindikali ni kazi ya fundi wa betri mwenye vipimo, na hata yeye huifanya kwa nadra, baada ya kuthibitisha kwamba tindikali kweli ilimwagika. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi na klorini, ambazo hula mabamba. Maji ya kunywa ya chupa yana madini. Najua pia kwamba maghala mengi ya pwani hukinga yale maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi wakiamini kuwa ni safi kama yaliyokenekwa. Kwa asili yake kweli ni mvuke uliopozwa, lakini hupita juu ya mapezi ya alumini na mabomba ya shaba yenye vumbi la miaka, na shaba ni miongoni mwa vitu ambavyo betri ya risasi haivistahimili.

Sasa kuhusu kuichaji kidogo mchana. Betri ya kawaida ya risasi ya foklifti hutengenezwa kwa ajili ya takriban mizunguko 1,500 ya kuchajiwa, sawa na miaka mitano hivi ya kazi ya zamu moja kwa siku. Kila mnapochomeka chaja, hata kwa nusu saa ya chakula, mnaanza mzunguko. Mwenye kuchaji mara mbili kwa siku asishangae miaka mitano ikigeuka miwili na nusu, na barua yako inasema miwili. Pamoja na hayo, betri inahitaji kupoa. Kanuni ya zamani ya maghala ni saa 8 za kazi, saa 8 za kuchaji na saa 8 za kupumzika, na hizo saa 8 za mwisho ndizo watu wanazoziiba. Kuchaji peke yake kunaweza kupandisha joto la kimiminika kwa nyuzi 10 hivi. Betri iliyotoka juani ikiwa na nyuzi 40, ikachomekwa papo hapo, itavuka 45, kiwango ambacho watengenezaji wengi wanataka chaji isimamishwe. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25, kama hali hiyo ni ya kudumu, hupunguza umri wa betri kwa nusu.

Upande wa pili, msiimalize nguvu. Iacheni ifanye kazi hadi ibakiwe na asilimia 20, kisha ichajiwe siku hiyo hiyo hadi ijae. Betri iliyolala tupu mwishoni mwa wiki hujenga ukoko mgumu wa salfeti juu ya mabamba, na ukoko huo ukishakaa sana chaja haiutoi. Umeme ukikatika katikati ya chaji, chaja za kisasa nyingi huendelea zenyewe unaporudi, lakini za zamani hukaa kimya, kwa hiyo mlinzi wa usiku apewe maelekezo badala ya kila mtu kugundua asubuhi.

Ili mjue hali halisi ya ile betri ya saa saba mchana, nunueni haidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea ndani, inayoonyesha tindikali ni nzito kuliko maji kwa kiasi gani (maji matupu husoma 1.000). Ichajini betri hadi ijae, kisha pimeni seli zote 24 na kuandika kila namba. Seli iliyojaa vizuri husoma kati ya 1.280 na 1.290, iliyotumika hadi kubakiwa na asilimia 20 husoma karibu 1.140. Namba zikipishana kidogo, tumieni kitufe cha chaji ya kusawazisha, ambacho chaja nyingi zinacho. Hiyo ni chaji ndefu ya kuzilinganisha seli, nayo hufanywa mara moja kwa wiki, kwa kawaida siku isiyo na kazi. Zikiwa zote ziko chini kwa pamoja hata baada ya hapo, tindikali imepungua kama nilivyoeleza. Ikiwa seli moja tu iko chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, huenda mgonjwa ni huyo mmoja, na seli moja inaweza kubadilishwa bila kununua betri nzima. Mwite fundi aje aone zile namba mlizoandika kabla ya kukubali bei yoyote ya betri mpya.

Mwisho kwako, osheni mgongo wa betri. Tindikali iliyofurika haikauki kama maji. Hubaki na unyevu, huokota vumbi la nafaka na kuwa njia ya umeme kutoka seli hadi seli na hadi kwenye sanduku la chuma, na betri hupoteza nguvu ikiwa imesimama tu. Fungeni vifuniko vyote vizuri, mwagieni mchanganyiko wa soda ya kuokea, gramu 100 hivi kwa lita moja ya maji, mpaka povu liishe, kisha suuzeni kwa maji safi. Soda ikiingia ndani ya seli itaua tindikali iliyobaki, kwa hiyo hakikisheni vifuniko mara mbili.

Mimi ni mlinzi wa usiku katika godauni moja Athi River. Foklifti mbili huchajiwa ndani ya chumba kidogo ambacho nimeamriwa nikifunge kwa sababu ya wezi wa nyaya. Wiki hii, karibu na saa tisa usiku, nimesikia harufu ya mayai viza ikitoka chini ya mlango. Wenzangu wanasema ndiyo gesi ya kawaida ya betri. Je, ni kweli? — Mlinzi, Athi River

Si kweli, na umefanya vyema kuuliza. Gesi ya kawaida ya betri ni haidrojeni, nayo haina harufu wala rangi. Harufu ya mayai viza ni ya gesi nyingine, haidrojeni salfaidi, ambayo hutokea seli inapopata joto kali au inapochajiwa kupita kiasi kwa sababu ya ubovu wa seli au wa chaja. Gesi hiyo ni sumu, tena ina hila: pua huizoea, kwa hiyo harufu ikipungua usidhani kwamba gesi imekwisha. Ukiisikia tena, usiingie kutazama na usiguse swichi ya taa ya chumba hicho. Zima umeme wa chaja kwenye swichi kuu iliyo nje, fungua mlango ukae mbali, na umpigie simu msimamizi ukiwa huko mbali. Betri hiyo isichajiwe tena mpaka fundi aipime.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni ule mlango kufungwa, hata kama harufu isingekuwapo. Haidrojeni hushika moto ikifikia asilimia 4 ya hewa, na inaendelea kuwa hatari hadi asilimia 75. Hesabu yake si ngumu. Kila ampea-saa moja (kipimo cha kiasi cha umeme unaoingia) ya chaji ya ziada hutoa takriban lita 0.42 za haidrojeni katika kila seli. Betri ya volti 48 ina seli 24. Ikipokea ampea-saa 100 za ziada mwishoni mwa chaji, itatoa zaidi ya lita 1,000, yaani mita moja ya ujazo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina ujazo wa mita 24 na kidogo. Gawanya mwenyewe: betri moja inatosha kukifikisha chumba hicho kwenye asilimia 4 kama hewa haitoki, nanyi mnachaji mbili. Kinachobaki ni cheche, nayo yaweza kutoka kwenye swichi, kwenye sigara, au kwenye plagi iliyochomolewa chaja ikiwa bado inawaka. Ndiyo maana chaja huzimwa kwanza, kisha plagi huchomolewa. Mpangilio huo hauna udhuru hata dereva akiwa na haraka kiasi gani.

Mwajiri wako hahitaji kuchagua kati ya wezi na mlipuko. Mlango wa mbao ubadilishwe uwe wa nondo, unaofungwa kwa kufuli lakini unapitisha hewa. Matundu ya kutolea hewa yawekwe juu kabisa, kwa sababu haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi na hujikusanya chini ya dari. Kama hewa bado haipiti vizuri, liwekwe feni la aina isiyotoa cheche, lengo likiwa kuizuia gesi isifike hata asilimia 1. Kofia kubwa ya foklifti inayoifunika betri iachwe wazi wakati wote wa kuchaji. Kulehemu na kusaga chuma kusifanyike karibu.

Kama mko wafanyakazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na kamati ya usalama. Peleka suala hili huko kwa maandishi, pamoja na tarehe na saa ulizosikia harufu. Najua mlinzi huogopa kuonekana msumbufu, lakini usiku ule aliye karibu zaidi na mlango ni wewe.

Mwanangu ni msaidizi wa fundi bandarini hapa Tanga, anashughulika na betri za hizo foklifti. Ovaroli lake la pamba, kila nikilifua, linatoka na matundu madogo madogo kama lililoliwa na panya. Nimebadilisha sabuni mara tatu. Nifanyeje? — Mama, Tanga

Shikamoo, mama. Sabuni haina kosa. Hayo ni matone ya tindikali. Tone linapokauka kwenye nguo, maji hupotea lakini tindikali hubaki na kuzidi ukali, inakula nyuzi za pamba polepole, na nguo ikifikichwa kwenye beseni nyuzi zilizokwisha kuliwa huachia. Kwa hiyo tundu linaonekana siku ya kufua ilhali liliumbika siku kadhaa nyuma. Liloweke ovaroli hilo peke yake katika maji mengi yenye soda ya kuokea kabla ya kulifua, na usilichanganye na nguo za watoto, kwani huenda pia lina vumbi la risasi. Lililo bora ni ovaroli libaki kazini na mwajiri agharamie kulifua, na kijana anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote.

Lakini mama, matundu yale yanatueleza kwamba matone yanamfikia kifuani na mapajani. Yakifika kifuani, macho hayako mbali. Mwulize kama amepewa ngao ya uso pamoja na miwani ya kuzuia matone, glavu ndefu za mpira, aproni ya mpira na gambuti. Mwulize kama pale wanapochajia kuna bomba la kuoshea macho, na linafikiwa kwa hatua chache. Tindikali ikiingia jichoni, jicho lioshwe hapo hapo kwa maji safi yanayotiririka, likiwa limefunuliwa kwa vidole, kwa dakika zisizopungua 15, ndipo aende hospitali. Soda haitiwi jichoni kamwe.

Umwambie pia avue pete na saa. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliangusha spana juu ya betri ya volti 48 ikagusa kichwa cha chanya na cha hasi kwa mara moja. Ilipiga shoti, ikang'aa kama jua na kuyeyuka ncha, na mimi nilipona kwa sababu tu nilikuwa nimeiachia. Angalau spana huachiwa, lakini pete haina wa kuiachia. Tangu siku ile spana zangu zote zimefungwa utepe wa kuhami hadi karibu na mdomo.

Tumepata betri iliyotumika kwa bei nzuri. Volti ni zile zile 48 na inaingia vizuri kwenye nafasi yake, ila ni nyepesi kuliko ya zamani kwa kilo 300. Tunaweza kuitumia? — Fundi, Mwanza

Hapana, si kwa hali hiyo. Betri ya foklifti ni sehemu ya uzito wa nyuma unaoizuia mashine isipinduke kifudifudi inapoinua mzigo. Soma kibati cha foklifti. Kinataja uzito wa chini kabisa wa betri unaoruhusiwa, na kama yenu iko chini ya hapo, msiifunge. Hata betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi kwa asili, huongezewa vyuma ili zifikie uzito huo, nazo zinahitaji chaja yake, si hii mliyo nayo. Na mtakapoitoa ile ya zamani, msiinue kwa mnyororo mmoja wenye ncha mbili unaokutana kwenye ndoano, kwa kuwa huvuta kuta za sanduku kuelekea ndani na kuzibana seli. Tumieni boriti ya kuinulia yenye ndoano zinazoshuka wima, na funikeni vichwa vya betri kwa mkeka wa mpira kwanza.

Tuna betri mbili mbovu nyuma ya godauni letu Changamwe, Mombasa. Mnunuzi wa vyuma chakavu yuko tayari kuzichukua leo, ila anataka tumwage tindikali kwanza ili alipie risasi peke yake. Tindikali hii tuimwage wapi? — Karani, Changamwe

Msiimwage popote, na mnunuzi huyo msimpe. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na tindikali ya betri iliyotumika imebeba sehemu ya risasi hiyo. Ikiingia mtaroni au ardhini, risasi haiozi wala haiondoki.

Ninyi mnaishi jirani na mfano wenyewe. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, papo hapo Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliendesha kazi zake ukutani mwa makazi ya watu, na watoto wakapimwa na kukutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa walioathirika, aliongoza madai ya wakazi na kupewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, katika kesi iliyoendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu.

Mwulizeni kwanza aliyewauzia betri kama huzichukua zilizochoka, kwa kuwa wauzaji wengi hufanya hivyo na kupunguza bei ya mpya. Asipozichukua, tafuteni msafirishaji na mchakataji mwenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Tanzania bara ulizeni NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Ombeni nakala ya leseni kabla ya kupakia, na mbaki na hati ya makabidhiano. Hadi siku hiyo, betri zikae wima chini ya paa, juu ya trei ya plastiki isiyovuja, vifuniko vikiwa vimefungwa na vichwa vyake vimezibwa kwa utepe. Na iwekeni ndoo ya soda ya kuokea karibu, maana betri iliyokaa muda mrefu nje huweza kuwa na ufa usioonekana upande wa chini.